Uso Uliokuwa Nyuma ya Shabaha Namba Sita

Mke wangu anasema nikilisimulia jambo hili mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka pabaya, watu wataacha kulisimulia kwa niaba yangu, maana hapa Mkolani nimeshalisikia kwa namna tatu tofauti na katika zote mimi ni mjinga (hapo hawajakosea), ila katika mojawapo nimekuwa mjinga aliyepiga risasi maiti, na hilo si kweli. Sikupiga maiti. Sikupiga hata risasi moja siku ile. Lakini nilichokifanya kila nikikikumbuka, hata nikiwa peke yangu dukani na mashine inanguruma, masikio yanapata moto.

Naitwa Deus. Nina duka la kuchapisha mabango, kadi na fulana pale mjini, Nyamagana, na Jumamosi mbili kila mwezi mimi na wenzangu tunakwenda Misungwi kulenga shabaha. Ni kikundi kidogo, watu kumi na wanne, kila mtu na bunduki yake na kibali chake, bunduki ndogo zile za risasi nyembamba, na hatuwindi, hatulindi mali ya mtu, tunalenga tu. Watu huniuliza raha yake ni nini, mtu mzima kulala kifudifudi kwenye majani na kutoboa karatasi. Huwa sijui nijibu nini. Labda ni ule muda mfupi unapovuta pumzi, ukaiachia nusu, ukatulia, na ndani ya muda huo humuwazi mteja aliyekasirika wala umeme uliokatika katikati ya kazi ya harusi, unaiona nukta nyeusi peke yake. Nami ni mtu wa mawazo mengi, kwa hiyo nukta ile ilikuwa inanisaidia.

Uwanja wetu ulikuwa kwenye shamba la Mzee Malimi. Alitukodisha kipande cha nyuma, kile kisichoota mahindi vizuri, tukajaza tuta refu la udongo mwishoni ili risasi ziishie pale (Misungwi mawe hayakosekani, na risasi ikigonga jiwe huwezi kujua itarudi wapi). Mzee mwenyewe alikuwa anakuja na kiti chake cha kukunja, anakaa nyuma yetu kabisa, na tukimaliza anauliza, "Haya, leo mmeua maboksi mangapi?" Halafu anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kila Jumamosi utani ule ule, na kila Jumamosi anacheka kama ndiyo kwanza ameutunga.

Maboksi yenyewe nilikuwa nayatengeneza mimi. Zamani tulikuwa tunaagiza shabaha zilizochapwa kutoka Dar, nzuri, lakini bei yake ilikuwa inatukatisha tamaa, na karatasi ikishatobolewa ndiyo imekwisha kazi. Nikasema, jamani, mimi nashinda na karatasi na rangi mchana kutwa, niachieni. Nikawa naokota maboksi ya sabuni na ya friji kwa wenye maduka, nayakata, nayabandika mawili mawili kwa gundi ya unga wa ngano, nagandisha karatasi nyeupe juu yake, kisha nachora maduara: la nje kwa sinia, la pili kwa sahani, la tatu kwa kisosi, na lile la katikati kwa kisoda, nalipaka rangi nyeusi. Tukitoboa, tunaziba kwa vipande vya stika vinavyobaki dukani, tunaendelea. Wenzangu walinisifu sana, na mimi (niseme ukweli) nilizipenda zile sifa kuliko hata kulenga kwenyewe, kwa sababu kulenga siko hodari kihivyo.

Mzee Malimi akafariki. Aliugua siku chache tu, kifua, na tukapigiwa simu asubuhi kwamba hayupo. Kikundi kikaamua kutoa bango la kumuaga, na kazi ikaja kwangu. Picha tulikuwa nayo moja nzuri, mmoja wetu alimpiga pale pale uwanjani akiwa katikati ya kicheko. Katibu akanisomea jina kamili kwenye simu, Malimi Bulugu, mashine inapiga kelele, na sisi watu wa huku mnatujua na hizi r na l zetu, nikaandika Burugu. Bango limeshatoka, limeshakauka, ndipo katibu akapita kulichukua na kuliona kosa. Nikachapa jingine, hilo ndilo lililokwenda msibani. Lile la kwanza nikalikunja nikalisimamisha kwenye kona ya stoo, kwa sababu kulitupa niliona vibaya, na kulitundika haiwezekani. Likakaa pale miezi.

Sasa, baada ya mzee kuondoka, shamba likawa mikononi mwa mjane wake, Mama Kabula, na mwanawe Mathias, mwalimu wa sekondari. Makubaliano yetu yalikuwa na mzee kwa mdomo na kwa kupeana mikono. Mwenyekiti wetu, Mzee Hamisi, mstaafu aliyefanya kazi kwenye meli za ziwani miaka mingi, akaona jambo la heshima ni kuialika familia uwanjani, na majirani, wale chakula nasi, waone tunachokifanya, halafu tuombe kuendelea. Akaniambia, "Deus, siku hiyo nataka nafasi sita, shabaha sita, zote mpya. Watu wasituone kama wahuni."

Ijumaa jioni nilikuwa nimemaliza tano. Ya sita boksi lipo, karatasi nyeupe imeisha. Maduka ya karatasi yalikuwa bado wazi, ningetembea dakika kumi tu. Hapo ndipo penyewe. Sikutembea. Niliingia stoo, nikaliona lile bango, na nyuma yake ni jeupe safi, halipasuki ovyo, nikajiambia hii ndiyo shabaha itakayodumu. Kingo zake nilishazikata siku nyingi kufunikia mashine, kipande kilichobaki kizima kilikuwa cha katikati, chenye uso na jina.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amenipitia tuondoke pamoja. Akasimama mlangoni.

"Huyo si Mzee Malimi?"

"Ndiye."

"Unamfanyaje?"

"Namgeuza. Uso unakaa ndani, kwenye boksi. Hakuna atakayeuona. Na hii naiweka kwenye nafasi yangu mimi mwenyewe, namba sita, tukimaliza naichoma moto."

"Si bora muwe na shabaha tano tu?"

Nikamjibu kwamba mwenyekiti ametaka sita. Nililibandika kwa ile ile gundi yangu ya unga, na mimi mtu wa mabango najua kabisa kwamba gundi ya unga haishiki plastiki, inaigiza kushika ikiwa mbichi tu, plastiki inataka gundi ya viatu. Lakini gundi ya viatu ilikuwa haipo karibu, na sufuria ya unga ilikuwa bado ya moto. Na jambo moja zaidi, ambalo sikumwambia mtu kwa wiki nyingi: nilimbandika kichwa chini. Nilipokuwa napaka gundi alikuwa ananitazama na kile kicheko chake, nikaona haya, nikaligeuza bango ili macho yasiwe upande wangu.

Jumamosi asubuhi kukanyesha manyunyu, yale ya kutoka ziwani yanayopita upesi, kisha jua. Tulipofika majirani walikuwa wameshakaa, watu kama thelathini, na Mama Kabula katikati, amevaa kitenge cha bluu, mwili mdogo lakini amenyooka. Tukamwendea kwa mstari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni nyumbani."

Nyumbani, alisema, si shambani. Mzee Hamisi akaeleza taratibu zote, bendera nyekundu ikiwa juu hakuna mtu kuvuka kamba, bunduki zinaelekea kwenye tuta wakati wote, na akisema simama ni simama. Halafu, kwa nia njema kabisa, akanisimamisha. "Na huyu ndugu yetu Deus ndiye anayetutengenezea shabaha hizi zote mnazoziona, kwa maboksi ya sabuni na unga wa ngano!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikainama. Niliinama kama bwana harusi, jamani, mkono kifuani.

Sijanyooka vizuri namsikia anaendelea: "Sasa tungependa risasi za kwanza zipigwe na mwenyeji wetu, Mwalimu Mathias. Deus, mpishe mgeni kwenye nafasi yako, umwelekeze."

Nafasi yangu. Namba sita.

Nimelifikiria lile tukio mara nyingi kuliko nilivyowahi kufikiria kitu kingine katika maisha yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema namba sita imelowa, tumpeleke namba mbili, na hakuna mtu angeuliza swali. Maneno hayo yalikuwa yamekaa mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimetoka kupigiwa makofi kwa shabaha zangu, nikaona nitaonekana fundi gani ambaye kazi yake inalowa kwa manyunyu, na kabla sijamaliza kubishana na nafsi yangu ulimi ukasema, "Karibu, mwalimu."

Mathias alilala chini taratibu, mtu mkubwa, shati lake jeupe la kanisani, hakujali majani. Nikamwonyesha pa kuweka bega, nikamwambia kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka awe tayari, na nikamshika bega kumtuliza.

"Baba alikuwa anapenda sana kuja kuwaangalia," akasema, jicho bado liko kwenye bunduki. "Kila akinipigia simu ananiambia njoo Jumamosi uone watu wazima wanavyoua maboksi. Sikuwahi kuja hata mara moja."

Nikasema, "Vuta pumzi. Iachie nusu."

Risasi ya kwanza ikapotea kwenye tuta. Ya pili ikaingia pembeni. Ya tatu ndani ya duara la sahani, na watu wakaanza kushangilia, "Mwalimu! Mwalimu!", na mimi kwenye darubini naona kitu ambacho wao hawakioni, kona ya juu ya shabaha imeanza kunyanyuka. Hapo pia ningeweza kusema simama. Mtu yeyote uwanjani ana haki ya kusema simama, ni sheria yetu ya kwanza. Ya nne ikaingia karibu kabisa na nukta. Kona ya pili ikaachia. Ya tano sikuiona ilikokwenda, kwa sababu plastiki yote ilibanduka kutoka juu, taratibu, kama mtu anayefunua shuka, ikaning'inia kwa upande wa chini. Na kwa kuwa nilikuwa nimemweka kichwa chini, alipoanguka akasimama sawasawa.

Mzee Malimi, mkubwa, anacheka, anatutazama wote, na matundu matatu usoni. Moja chini ya jicho.

"Simama!" Mzee Hamisi alipiga kelele ambayo nadhani ilikuwa haijamtoka tangu aache meli. "Wekeni silaha chini! Mtu asiguse kitu!"

Hapakuwa na haja. Hakuna aliyekuwa anagusa kitu. Kisha shangazi mmoja wa Mathias akaanza kulia kwa sauti, ile sauti ya msibani, na kilio kikapokelewa na wengine, na mimi nikajisikia nasema, tena kwa sauti ya kibiashara kabisa, ile ninayomwambia nayo mteja kwamba mzigo uko njiani: "Samahanini sana, jamani, hii imechanganyika stoo, sijui imefikaje humu, mabango ni mengi."

Mathias alikuwa ameinuka, amekaa chini, majani kwenye shati. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kwa sauti ndogo, kama anayemuuliza mwanafunzi baada ya wenzake kutoka darasani.

"Uliponishika bega, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kuuendeleza ule uongo, ulikuwa umeshaanza kutembea wenyewe. Nikamtazama mke wangu, alikuwa kule kwenye masufuria na akina mama wengine, mwiko mkononi. Hakutikisa kichwa, hakunikunjia uso, alikuwa anangoja tu kama watu wote.

"Nilijua," nikasema. "Nililibandika mimi. Nilijua ni yeye."

Akasema, "Nilikuwa nafurahi," akainuka, akaenda kusimama peke yake kwenye kivuli chembamba cha gari, mgongo kwetu.

Mzee Hamisi alishusha bendera, akahakikisha bunduki zote ziko wazi na tupu, na hapo Mama Kabula akaanza kutembea kuelekea kwenye tuta. Alikataa kushikwa mkono. Mita hamsini ni nyingi ukiwa unamtazama mwanamke mzima akizitembea, na sisi wanaume kumi na wanne wenye vibali tukafuata nyuma kama watoto waliovunja kitu. Alipofika akasimama mbele ya uso wa mumewe. Akasoma. Kidole chake kikapita kwenye herufi, moja moja.

"Jina si lake," akasema. "Burugu ni nani? Jina si lake. Uso ndio wake."

Nikapiga magoti pale kwenye udongo. Sikupanga, miguu ndiyo iliyoamua. Nikamweleza yote, kosa la jina, stoo, karatasi iliyoisha, dakika kumi ambazo sikutaka kutembea. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza akauliza swali moja.

"Na karatasi inapatikana?"

"Inapatikana, mama. Kila duka."

Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ndilo alilotaka kulijua, na sijawahi kusikia tusi lililoniuma kama kule kutikisa kichwa. Akaanza kulibandua bango lililobaki, kwa mikono yake, hakutaka msaada. Mama Neema ndiye aliyefika akiwa amefungua kitenge chake cha juu, akakitandaza, wakalikunja bango wakalifunga ndani yake kama wanavyofunga nguo za mtu. Wakaondoka wote, familia na majirani. Pilau na sato tulivipakia tukavirudisha mjini jinsi vilivyokuwa, na kwenye gari hakuna aliyeongea na mimi mpaka tulipofika Mkolani, ambapo Mzee Hamisi alisema tu, "Shuka, Deus. Pumzika." Ingekuwa afadhali angenitukana.

Wiki iliyofuata tulikwenda kuomba radhi, mimi, mke wangu na mwenyekiti. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Mama Kabula alitukaribisha ndani, akatupa chai, akasema familia imekaa na imeamua uwanja basi, shamba litarudi kuwa shamba. Mzee Hamisi akasema tumeelewa. Hakubembeleza, na nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu watu kumi na watatu walikuwa wanapoteza Jumamosi zao kwa ajili yangu.

Tulipokuwa tunaaga akaniita pembeni.

"Ile picha. Nani alimpiga?"

Nikamwambia ni mwenzetu, pale uwanjani, siku ya kawaida tu.

"Sisi tunayo ya kitambulisho. Kwenye kitambulisho amekasirika. Ile ya msibani walikuja ndugu wa Geita wakaondoka nayo." Akatazama chini. "Miaka yote nilikuwa nakaa naye sikuwahi kupata picha yake anacheka. Unayo bado?"

Nilikuwa nayo. Niliichapa kwenye karatasi nzuri kuliko zote nilizonazo, jina nikalisoma herufi kwa herufi, kisha nikampa mke wangu alisome, kisha nikamwomba muuza machungwa wa jirani alisome, nikaiwekea fremu ya mbao na kioo, nikaipeleka mwenyewe. Alipoipokea aliishika mbali kidogo, kama watu wasioona vizuri karibu, akakaa nayo hivyo muda mrefu, akaniambia asante kwa Kisukuma. Mathias alikuwepo, uani, anasahihisha madaftari. Nikamsalimia. Akaitikia, kwa sababu amelelewa vizuri, akarudi kwenye madaftari yake. Mpaka leo ni hivyo, nikikutana naye mjini anaitikia salamu na anapita. Sijui kama ipo siku atasimama. Sina haki ya kumharakisha.

Kikundi kilipata uwanja mwingine, mbali zaidi na wa mawe mengi, ambapo tuta limetuchukua miezi kulijaza. Nilitaka kujitoa, Mzee Hamisi akakataa, akasema nikijitoa nitakuwa nimekimbia. Kwa hiyo naenda, na shabaha bado natengeneza mimi, kwa karatasi ninayoinunua kabla haijaisha. Wenzangu wananitania sasa, imeshafika wakati wa kutaniwa, na nacheka nao, ingawa si kwa moyo wote.

Nimejiapiza jambo moja tu, na sijajiapiza kama mtu wa kanisani anayeinua mkono, nimejiapiza kimya kimya nikiwa nachapa kadi ya mtu: kama kuna kitu kinachomhusu mwenzangu, mimi nakijua na yeye hakijui, nitamwambia. Aibu itanipata, fundi nitaonekana hovyo, makofi yatakatika, yote sawa. Nitamwambia kabla hajaweka kidole.